Alan Rickman na ile miaka 16 isiyosimuliwa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 28, nabuni mabango na kadi za harusi hapa Morogoro. Napenda kuigiza tangu shuleni, na mwaka huu nimejiunga na kikundi kimoja cha maigizo. Nyumbani wananiambia nimeshachelewa, kwamba kazi hiyo huanzwa mtu akiwa mdogo. Rafiki yangu akaniambia nimwangalie Alan Rickman, yule Mwingereza aliyekuwa mwalimu mwenye joho jeusi kwenye filamu za Harry Potter, eti naye alikuwa mbunifu wa michoro na alianza kuigiza uzeeni. Ni kweli? Na kama ni kweli, aliwezaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Aliyekupa habari hiyo amekupa nusu yake. Ni kweli Rickman alikuwa mbunifu wa michoro kama wewe. Ni kweli aliingia chuo cha uigizaji akiwa na miaka 26, na filamu yake ya kwanza ya sinema ilitoka akiwa na miaka 42. Ila hakuanza uzeeni. Kati ya 26 na 42 ipo miaka 16, na muda huo aliutumia kujifunza kazi na kuifanya jukwaani. Sisi huku hatukuwa na namna ya kumwona, kwa sababu tamthilia ya jukwaani haikai kwenye kanda ya video. Tulipomwona alikuwa ameshaiva, tukadhani ameota usiku mmoja kama uyoga. Nimefundisha uigizaji miaka mingi, na hakuna mwigizaji ninayemtaja darasani mara nyingi kama huyu, hasa kwa ajili ya miaka hiyo 16. Kwa hiyo humo nitakaa sana, na filamu zake maarufu nitazipitia tu.

Alizaliwa tarehe 21 Februari 1946, Acton, magharibi mwa London, wa pili kati ya watoto wanne. Baba yake, Bernard, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani mwenye asili ya Ireland. Mama yake, Margaret, alikuwa na asili ya Wales. Baba akafariki Alan akiwa na miaka 8, mama akabaki na watoto wanne wa kulisha na kusomesha. Waliishi kwenye nyumba za kupangisha za halmashauri, zile zinazojengwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Mtoto alikuwa na kichwa cha darasani na mkono wa kuchora. Akapata ufadhili wa kusoma Latymer Upper School, Hammersmith, na huko akaanza kupanda jukwaani kwenye michezo ya shule. Kwa hiyo mbegu ilikuwepo tangu utotoni, kama yako.

Kwa nini basi hakwenda moja kwa moja chuo cha uigizaji? Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwa kijana wa miaka 18 jambo hilo halikuonekana la busara. Fikiria nyumba ya mjane mwenye watoto wanne, halafu kijana aseme anataka kwenda kujifunza kuigiza. Hoja unayopewa nyumbani kwako naye aliijua vizuri, na sidhani kama tuwalaumu wazazi kwa kuitoa. Akachagua sanaa iliyokuwa karibu na mshahara: ubunifu wa michoro. Alisoma Chelsea kuanzia mwaka 1965, kisha Royal College of Art. Alipomaliza, yeye na wenzake wakafungua ofisi yao ya ubunifu, wakaiita Graphiti. Ofisi ile ilikuwa na kazi na iliendelea vizuri. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana watu hupenda kusimulia kana kwamba alikimbilia uigizaji baada ya kushindwa kwingine.

Huko Chelsea, mwaka 1965, alikutana na msichana mmoja, Rima Horton, ambaye baadaye alikuwa mhadhiri wa uchumi na diwani wa chama cha Labour. Yeye alikuwa na miaka 19, Rima 18. Wote wawili waliigiza jioni kwenye kikundi cha watu wasiolipwa, watu wenye kazi zao za mchana, kama hicho kikundi chako. Waliishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha, na ndoa yenyewe waliifunga kimya kimya New York mwaka 2012, baada ya miaka 47 ya kujuana.

Basi mwaka 1972, akiwa na miaka 26, mbunifu huyu mwenye ofisi aliandika barua kwa Royal Academy of Dramatic Art, chuo ambacho Waingereza hukiita RADA, akaomba afanyiwe usaili. Wakamwita, akafaulu. Akaacha ofisi, akakaa tena kwenye benchi la mwanafunzi pamoja na vijana aliowazidi miaka saba au minane.

Ili apate fedha ya kujikimu alifanya kazi ya kuvalisha waigizaji wakubwa nyuma ya jukwaa, akiwemo Sir Ralph Richardson na Nigel Hawthorne. Kazi hii sisi huku mara nyingi tunamwachia mtu yeyote aliye karibu, kwa hiyo ngoja nikueleze ilivyo. Mvishaji anapokea maleba, yaani mavazi ya jukwaani, anayapanga kwa mpangilio wa maonyesho, anasimama gizani pembeni mwa jukwaa akiwa na koti mkononi, na mwigizaji akitoka ana sekunde chache tu za kumvua hili na kumvika lile kabla hajarudi kwenye mwanga. Usiku baada ya usiku anausikia mchezo ule ule. Anajua ni neno gani leo limechelewa kuchekesha, na ni wapi jana mwigizaji alivuta pumzi kabla ya wakati. Anamwona bingwa akiwa amechoka, akiwa na mafua, akiwa hataki hata kuingia, halafu anamwona akiingia na kubadilika kabla mguu wake haujagusa taa. Kwangu mimi hicho ni chuo cha pili alichosoma bila kulipa karo.

Ubunifu nao haukupotea. Wewe unajua kadi ya harusi iliyojazwa maua kila kona haisomeki. Mbunifu anafundishwa kwamba nafasi tupu ni sehemu ya mchoro, kwamba jicho lazima lipewe mahali pa kupumzika ndipo lione jina la bwana harusi. Mtazame Rickman ukiwa na elimu hiyo. Wengine wakiijaza fremu kwa mikono na nyusi, yeye anaacha eneo kubwa jeupe. Anasimama. Kichwa kinageuka polepole, mwili haufuati, kisha neno moja linawekwa katikati pale pale linapotakiwa. Mkono wa mchoraji umo mle. Hilo ni wazo langu, ila nimelitazama mara nyingi mno kulitilia shaka.

Kuhusu sauti, maana najua utauliza. Kila mwanafunzi wangu anaanza kwa kuiga ile sauti nzito iliyovutwa. Wanasahau kwamba haikuwa zawadi iliyokuja imefungwa vizuri. Rickman alikuwa na taya lililokaza, na alisimulia kwamba mwalimu mmoja wa sauti alimwambia anasikika kama mtu anayesemea upande wa nyuma wa bomba la maji machafu. Alichofanya ni kuifanyia kazi kasoro ile mpaka ikawa alama yake. Sikiliza mwisho wa sentensi zake. Hazidondoki. Neno la mwisho analifikisha mlangoni, analikabidhi, ndipo anafunga mdomo. Kwetu sisi tunaoigiza kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maneno yetu yanaishia kwenye irabu na irabu hiyo mara nyingi ndiyo yenye maana. "Asoma" na "asome" vinatofautiana kwa herufi moja ya mwisho. Ukiimeza, aliyekaa safu ya nyuma hajui kama umetoa habari au umetoa amri. Ukitaka zoezi, chukua *Mabepari wa Venisi* ya mwaka 1969, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa mizani bila vina, usome kwa sauti kurasa mbili kila asubuhi kabla hujafungua duka. Usiigize. Fikisha irabu ya mwisho tu.

Alitoka RADA mwaka 1974 akiwa na miaka 28. Umri wako huo huo, angalia. Je, akaenda kwenye filamu? Hapana. Alikwenda mikoani. Wakati ule kila mji mkubwa wa Uingereza ulikuwa na ukumbi wenye kikundi chake, na utaratibu ulikuwa kuigiza mchezo mmoja jioni huku mchana mnafanya mazoezi ya mchezo unaofuata. Manchester, Leicester, Sheffield, Birmingham, Bristol: huko ndiko alikokula chumvi. Mchezo ukiisha unahamia mwingine, leo bwana mkubwa, mwezi ujao mtumishi mwenye mistari minne. Malipo madogo, vyumba vya kupanga, treni za usiku. Jina lake halikujulikana na mtu yeyote nje ya kumbi hizo.

Mwaka 1978 alichukuliwa na Royal Shakespeare Company ya Stratford-upon-Avon, kampuni ambayo kila mwigizaji wa rika lake aliiota. Alipewa nafasi kama ya Ferdinand katika *The Tempest*. Na hakufurahi. Akaondoka, na baadaye akaeleza kwamba alitaka kujifunza kuzungumza na wenzake jukwaani badala ya kuwabwekea. Ninawaambia wanafunzi wangu wakae na sentensi hiyo wiki nzima. Ukumbi mkubwa unamfundisha mtu kupaza sauti kwa watazamaji mpaka anasahau kuna binadamu mwingine amesimama mbele yake. Rickman aliacha kampuni yenye jina akaenda kwenye kumbi ndogo za London, kama Bush na Royal Court, ambako mtazamaji wa safu ya mbele karibu agusane magoti na mwigizaji. Pale huwezi kubweka. Mwaka 1982 televisheni ya BBC ilimpa nafasi ya mchungaji mnafiki, Obadiah Slope, katika *The Barchester Chronicles*, na hapo Waingereza wa sebuleni wakaanza kumfahamu: kijana mwenye adabu inayokuudhi hata hujui ni kwa nini.

Akarudi Stratford mwaka 1985, na safari hii alijua alichokifuata. Alicheza Jaques katika *As You Like It* na Achilles katika *Troilus and Cressida*, kisha likaja lile lililobadilisha maisha yake: Vicomte de Valmont katika *Les Liaisons Dangereuses*, tamthilia ya Christopher Hampton iliyotokana na riwaya ya Kifaransa ya mwaka 1782. Mwongozaji alikuwa Howard Davies, na mwenzake mkuu jukwaani Lindsay Duncan. Sasa sikiliza ilichezwa wapi mara ya kwanza. Haikuwa kwenye ukumbi mkubwa wa Stratford wenye mazulia. Ilianzia The Other Place, ukumbi mdogo wa kampuni hiyo, ambao wakati ule ulikuwa banda la mabati. Mabati yale yale unayoyajua wewe, ambayo mvua ikinyesha mwigizaji anapandisha sauti. Humo bandani, mbele ya watu wachache, mwanaume mmoja alicheza mlaghai wa mapenzi kwa sauti ya chini kiasi kwamba watu walijikuta wanainama mbele kumsikiliza. Mchezo ukahamia London, na mwaka 1987 ukafika Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo za New York. Akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya jukwaa la Marekani.

Filamu ya hadithi hiyo ilipotengenezwa mwaka 1988, nafasi ya Valmont alipewa John Malkovich. Unaweza kufikiri maumivu yake: umeibeba sura ya mtu kwa miaka miwili, kisha unatazama mwingine akiivaa mbele ya kamera. Lakini Broadway ndiko watengenezaji wa filamu ya *Die Hard* walikomwona. Wakamtaka awe Hans Gruber, kiongozi wa genge linaloteka jengo refu la Los Angeles usiku wa sherehe za Krismasi. Alisimulia kwamba aliposoma andiko la filamu alishangaa, akajiuliza yeye na filamu za risasi wapi na wapi. Akakubali, ila akauliza swali la mtu aliyezoea maleba: kwa nini jambazi huyu avae mavazi ya jambazi? Akivaa suti nzuri, anaweza kujifanya mmoja wa mateka. Kwa maelezo yake mwenyewe, ndivyo lilivyozaliwa lile onyesho ambalo Gruber anakutana ana kwa ana na stelingi na kujifanya Mmarekani aliyetoroka.

Niruhusu nikusimulie nilivyoliona mimi. Ilikuwa kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto, televisheni juu ya kabati, watu tumebanana mpaka mlangoni. Wengi mle ndani Kiingereza hakikuwa kinawapanda. Kila risasi ilikuwa na kelele zake, na kila mtu alimjua stelingi ni nani na kwamba stelingi hafi. Likaja onyesho hilo. Rickman anageuka, anamwona mwenzake ana bunduki, na katika nusu ya pumzi mtu mzima anabadilika: mabega yanashuka, macho yanakuwa ya mtu aliyepotea njia, sauti inapanda juu na kuwa nyembamba. Lafudhi ilibadilika pia, lakini sisi lafudhi tungeijulia wapi? Kibanda kizima kikanyamaza. Kisha mzee mmoja nyuma yangu akasema, taratibu kabisa, "Huyu anamdanganya." Alilisoma kwenye mabega. Nilikuwa kijana, sikujua jina la yule adui, lakini nilitoka pale nikijua ninataka kufanya nini na maisha yangu.

Na ile sura yake ya kuanguka kutoka ghorofani mwishoni haikuigizwa yote. Walimwambia wangemwachia wakimaliza kuhesabu, wakamwachia kabla. Ule mshtuko ni wa kweli.

Baada ya hapo milango ikafunguka, na hapa nitakwenda haraka. Mwaka 1991 alicheza mkuu wa Nottingham katika *Robin Hood: Prince of Thieves*, akapata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora msaidizi. Lakini hakujifungia kwenye ukorofi peke yake: alicheza pia marehemu mpole anayemrudia mpenzi wake katika *Truly, Madly, Deeply*, na mwaka 1995 Kanali Brandon katika *Sense and Sensibility*, mtu mzima anayependa bila kusema. Mwaka 1996 alimcheza Rasputin kwa ajili ya televisheni. Kazi hiyo ikampa tuzo za Emmy na baadaye Golden Globe. Oscar hakuwahi hata kuteuliwa. Wanafunzi huniuliza hilo kwa hasira kana kwamba wameibiwa wao. Mimi sioni kama lilimpunguzia kitu.

Kitu kimoja nisikiruke. Mwaka 1998, akiwa tayari maarufu dunia nzima, alicheza Antony katika *Antony and Cleopatra* kwenye National Theatre ya London, pamoja na Helen Mirren. Wahakiki waliushambulia mchezo ule vikali. Alikuwa na miaka 52. Angeweza kusema jukwaa basi, filamu zinanilipa. Badala yake mwaka 2001 alipanda tena jukwaani London katika *Private Lives*, na mwaka uliofuata wakaipeleka Broadway. Aliyeongoza? Howard Davies. Aliyecheza naye? Lindsay Duncan. Watu wale wale wa banda la mabati, miaka 16 baadaye. Akateuliwa tena kuwania Tony. Napenda sana jambo hili. Alipovunjika moyo hakwenda kutafuta jina kubwa zaidi la kumnyanyua. Alirudi kwa waliomjua kazini. Nawe ukishapata mwongozaji mmoja na mwenzako mmoja mnaoaminiana, washike.

Sasa joho jeusi. Yule mwalimu wa Harry Potter, Severus Snape, alimwigiza kuanzia mwaka 2001 hadi 2011, filamu nane. Alipoanza, baadhi ya vitabu vilikuwa bado havijatoka, na mwandishi J.K. Rowling alimnong'oneza jambo moja dogo kuhusu mtu huyo, jambo ambalo wasomaji hawakulijua. Rickman alilitunza. Waigizaji wenzake na waongozaji walikuja na kuondoka wasilijue, na yeye aliigiza juu ya siri hiyo miaka yote. Rudi uzitazame filamu za mwanzo ukiwa unaujua mwisho. Mtazame anavyomwangalia Harry, yule mtoto: mara nyingi jicho linafika kabla ya chuki, na kwa muda mfupi sana kuna kitu kingine humo, kisha pazia linashuka na chuki inaingia. Vazi lake lenyewe, vifungo vingi vimefungwa mpaka shingoni na mikono imebana hadi kiganjani, ni la mtu aliyejifungia ndani. Kijana asingeweza kuifanya kazi hiyo. Ilitaka mtu aliyejifunza kutulia.

Daniel Radcliffe, aliyekuwa mtoto yule, alisimulia Rickman alipofariki kwamba anaamini mzee huyo alikwenda kutazama kila mchezo wake wa jukwaani, London na New York, na safari moja alikatisha likizo ili awahi. Na jukwaa lenyewe Rickman hakuliacha: aliongoza tamthilia, ikiwemo *My Name Is Rachel Corrie* pale Royal Court mwaka 2005, na mwaka 2011 bado alikuwa Broadway akicheza *Seminar*. Aliongoza pia filamu mbili, *The Winter Guest* na *A Little Chaos*.

Alifariki London tarehe 14 Januari 2016 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 69. Wengi hawakujua hata kama alikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo ukiniuliza umechelewa au hujachelewa, nakujibu kwa alichofanya yeye. Hakufunga ofisi ili aanze kuota. Aliigiza jioni kwa miaka kadhaa akiwa na kazi ya mchana, ndipo akaenda kusoma, na akiwa anasoma alikuwa anavalisha watu. Wewe usifunge duka la kadi. Kaa na kikundi chako miaka miwili, ufanye kazi zote: bango la mchezo ubuni wewe, maleba ushike wewe, usiku ambao huna nafasi usimame pembeni usikilize. Ukiona bado unataka, tafuta mafunzo ya kweli, yawe ya chuo au ya mwongozaji anayekubali kukusumbua. Na nyumbani usibishane nao. Waalike siku ya onyesho.

Nakuachia kazi moja. Filamu ya mwisho ambayo tunamwona kwa sura yake inahusu huku kwetu. Inaitwa *Eye in the Sky*, ilitengenezwa Afrika Kusini, lakini hadithi yake inatokea Nairobi, mtaa wa Eastleigh, ambako binti mdogo anauza mikate kando ya ukuta huku watu wa mbali wakimtazama kupitia kamera za angani, wakibishana kama walipue nyumba ya jirani. Helen Mirren yumo, na Barkhad Abdi mwenye asili ya Somalia. Rickman ni Jenerali Benson. Mwanzoni anaonekana akimnunulia mtoto mwanasesere, na anakosea aina. Karibu filamu nzima baada ya hapo amekaa kwenye kiti, mezani, London, na wanasiasa. Hana bunduki wala joho. Mwishoni mtu anamlaumu kwamba amefanya yote hayo akiwa salama kwenye kiti chake, naye anajibu, bila kupaza sauti, kuhusu miili aliyoiona kwa macho yake baada ya mabomu ya kujitoa mhanga. Kisha anakabidhiwa yule mwanasesere, sasa wa aina inayotakiwa, na anaondoka naye.

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza izime sauti kabisa, umfuate yeye tu pale mezani, wengine wanapoongea. Andika kwenye daftari kila anapohama jicho. Halafu uniletee hilo daftari.